Nataka kona ya marehemu mama ndani, mama mkwe anasema ni mizimu

Kuna binti wa Buswelu kaniandikia, nimefupisha kidogo: "Shikamoo mama. Mama yangu alifariki mwezi wa tatu, tulimzika Magu kwa hiyo kaburini siendi mara kwa mara, nauli na watoto. Niliona kwenye simu wale watu wa Mexico wanavyopanga meza ya marehemu, ngazi ngazi, maua ya njano, mishumaa, picha, nikapenda sana. Nikamwambia mume wangu nataka nitengeneze madhabahu ya mama sebuleni, mama mkwe akasikia, yeye ni mlokole, akasema haingii kwa mwanae nyumba ikiwa na madhabahu ya ukoo. Tumepanga, vyumba viwili na sebule. Nina picha moja tu ya mama, ya paspoti, kanga zake mbili, na voisi zake kwenye simu kama kumi na kitu. Je ni dhambi? Na kama sio dhambi naipangaje?"

Marahaba mwanangu, na pole sana. Nitakujibu kirefu maana nimefanya uuguzi miaka 31, na ile 11 ya mwisho kazi yangu ilikuwa kukaa na waliofiwa tu, wengi watu wa mwaloni na wa visiwani, na mimi mwenyewe nimezika.

Kwanza tatizo lako limeanzia kwenye neno. Ukimtajia mlokole wa hapa Mwanza "madhabahu" yeye haoni meza yenye picha na maua, anasikia yale yanayohubiriwa kwenye mkesha wa Ijumaa, madhabahu za ukoo zivunjwe, ziteketee kwa moto, bibi mzaa bibi aliingia agano na mizimu na ndo maana watoto hawaolewi. Mkatoliki naye ukimtajia madhabahu anajua ni pale padri anaposomea misa, utaiwekaje karibu na tv? Kwa iyo mama mkwe wako hajaikataa picha ya mama yako, amekataa kitu ambacho hata wewe hukitaki. Neno hilo liache. Sema kona ya mama, au usiite chochote, sema nataka pa kuweka vitu vya mama.

Na tusimcheke, ana sababu zake. Huku Usukumani wazee walikuwa na vijumba vidogo vya nyasi pale kayani kwa ajili ya masamva, yaani mizimu ya ukoo, na watu walipeleka pombe na unga, wakaomba mvua, wakaomba mtoto apone. Nenda siku moja Bujora pale Kisesa kwenye makumbusho ya Wasukuma, kutoka kwenu sio mbali, utaelewa anachokiogopa. Pale kulikuwa na kutoa na kupokea, unampa marehemu na yeye anakupa. Wewe umeniandikia barua nzima na hakuna mahali umesema unataka mama akupe kitu, umesema umemkumbuka. Mi sio padri wala mchungaji, lakini kipimo ninachowapa watu ni hicho hicho, ukikaa hapo unaomba marehemu akufanyie jambo au unamkumbuka? Kwa Mkatoliki kuwaombea marehemu ni mafundisho ya kawaida kabisa, tarehe 2 Novemba ni siku yao na mwezi wote ule ni wao, kwa iyo ukisema "raha ya milele umpe ee Bwana" mbele ya picha ya mama hujavunja kitu. Walokole wengi hawaombei marehemu, sawa, mama mkwe akiwepo we mshukuru tu Mungu kwa maisha ya mama yako, hilo hata yeye ataitikia amina.

(Waislamu huwa mnaniuliza hili pia. Kwenu njia mnayo tayari, dua, hitima, sadaka kwa niaba yake, na picha mbele ya sehemu unayoswalia hapana. Tasbihi yake au kikombe chake cha kahawa kwenye kabati vinatosha, na mengine ya chini yatawafaa.)

Sasa hiyo meza ya Mexico. Ulichokiona kwenye simu ni cha siku chache tu mwanangu, na hapo ndo watu wengi wanapopotea. Wale wanaipanga kuelekea tarehe 1 na 2 Novemba, sikukuu zile zile za Watakatifu Wote na Marehemu Wote ambazo na sisi tunazo, wamishenari wa Kispania walizikuta mila za wenyeji wakazichanganya, na imani yao ni kwamba marehemu siku hizo wanarudi kutembelea nyumba, yale maua ya njano harufu yake inawaonyesha njia, maji ni kwa sababu wametoka mbali wana kiu. Sikukuu ikipita meza inavunjwa, chakula kinaliwa, maisha yanaendelea. Hata wao hawaishi na ngazi tatu za mishumaa sebuleni Januari mpaka Desemba. We ukiinakili kama ilivyo na kuiacha hapo mwaka mzima unakuwa umefanya kitu ambacho hata mwenye mila hakifanyi, na sebule yenu mnalia humo, mnakula humo, watoto wanafanya homweki humo, baada ya miezi miwili itakuchosha.

Ninayoipenda mimi ni ya Wajapani. Nyumba nyingi kule, hasa za wazee, kuna kabati dogo la mbao lenye milango miwili, ndani kuna majina ya waliotangulia, pengine picha inakaa pembeni, wanafungua, wanaweka maji na ubani, wanakaa kimya, mengine ni ya dini yao ya Kibudha hayatuhusu. Mi nilichochukua ni mlango. Nakushauri kona yako iwe na mlango. Siku mama mkwe kaja unaufunga. Siku umechoka na huwezi kuiangalia ile picha unaufunga pia na wala hujamkosea mama. Nimewaona akina mama wanaweka picha kubwa ya marehemu mkabala na kitanda, mwaka unaisha hawajalala vizuri, ukimwambia ihamishe analia anasema nitakuwa namfukuza. Msiba nao upewe saa zake.

Nenda kwa fundi seremala yeyote hapo Buswelu au Nyakato, mwambie unataka kikabati cha sentimita 50 kwa 60, kina cha sentimita 25, milango miwili ya bawaba, shelfu moja katikati, na komeo dogo juu ambapo mtoto wa miaka miwili hafiki. Mbao ya paini inatosha, ila apake dawa ya mchwa na vanishi kabla, asikuambie mbao hii haina mchwa, mchwa wa Mwanza anakula hata daftari. Mmepanga kwa iyo usianze kutoboa ukuta wa watu, kiweke juu ya stuli au juu ya kabati la vyombo, na kisiguse ukuta, acha vidole viwili hewa ipite maana masika kuta zinavuta unyevu. Kama hela hakuna saizi, droo moja ya kabati au lile sanduku la bati la bweni linafanya kazi hiyo hiyo, mfuniko nao ni mlango.

Ndani anza na kitu alichokuwa anakishika. Watu wote wanakimbilia picha. Picha ya paspoti mama zetu wamekaza uso kama wanagombezwa na mpiga picha, sio yeye yule. Mi nina mwiko wa mama yangu, umelika upande mmoja kwa kusonga ugali wa udaga, yaani wa mihogo, miaka na miaka, alikuwa anatumia mkono wa kushoto kwa iyo umelika upande ambao mwiko wa mtu mwingine hauliki. Nikiushika najua ni nani. Mama yako lazima kuna kitu, miwani, jembe lililoisha, kadi ya kliniki, leso ya kufungia hela, kitabu cha nyimbo chenye kurasa zilizokunjwa. Hujakitaja kimoja na nina wasiwasi kwamba vitu vimeshagawiwa siku ya kuanua matanga, shangazi huyu na lile, mjomba na lile. Piga simu Magu leo, usiulize vitu vya thamani maana wataogopa unadai urithi, sema naomba kitu kimoja kilichochakaa ambacho hakuna aliyekitaka.

Kanga mbili, nisikilize vizuri. Kama moja haijafuliwa tangu aivae, usiifue. Iweke kwenye mfuko wa plastiki wa kufunga, toa hewa, weka chini kabisa gizani. Harufu ya mtu inaisha haraka kuliko kitu chochote, na ukishafua ndo basi. Nimekutana na watu wazima, wanaume na vitambi vyao, wanalia kwa sababu mke alifua shati la baba kwa nia njema tu. Hiyo ya pili ivae. Kabisa, jifunge nayo ukipika, mama angekuona umeikunja kwenye kabati angekuuliza umenunuliwa ya mapambo?

Picha ile ya paspoti ipige kwa simu mchana karibu na dirisha, bila flashi, afu peleka studio waikuze. Simama pale pale. Ukiondoka tu vijana wa studio wanampaka mama lipstiki, wanambandika suti na nyuma maporomoko ya maji, nimeshaona bibi wa Misungwi kawekwa mbele ya ghorofa za Dubai. Mwambie usafi na saizi tu. Kwenye fremu picha isilaliane na kioo, weka fremu ya karatasi ngumu katikati, unyevu ukiingia picha inagandana na kioo na ukiibandua unabandua na uso. Ile ndogo ya asili usiitoe nje tena, iweke kwenye bahasha.

Kuna wanaopenda kuweka jiwe kutoka nyumbani kwa marehemu, kwetu mawe ndo mengi kuliko kitu chochote, hilo ni zuri. Ila udongo wa kaburi usithubutu kuuleta ndani. Najua kwenye simu utaona watu wa nchi nyingine wanaweka kwenye chupa, hapa jirani mmoja akiona tu umeokota udongo kaburini hiyo habari itafika Buswelu kabla ya daladala yako, na haitatajwa kama kumbukumbu.

Mishumaa, mi naogopa. Kabati la mbao lenye vanishi, pazia, mtoto mdogo na upepo wa ziwani jioni, hapana. Weka taa ndogo ya betri au ya sola. Ukitaka mshumaa siku ya misa yake ya mwaka, uweke kwenye glasi yenye mchanga, nje ya kabati, mtu mzima akiwa amekaa hapo mpaka uzimwe. Na usiku funga madirisha kwanza, wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi wakiona taa unaamka unawafagia kwa beleshi. Maua, hata bogonvilia ya barabarani inatosha, hakuna haja ya kutafuta ya njano, ila maji ya maua mwaga kila baada ya siku mbili, mbu anahitaji wiki hivi au siku kumi kutoka yai mpaka aruke, usifuge mbu kwa jina la mama.

Chakula hapo usiweke. Najua Mexico wanaweka, lakini huku sahani ya ugali mbele ya picha ina maana moja tu na ni ile ile ya masamva, mama mkwe atakuwa sahihi kupiga kelele, na sisimizi nao. Chakula chenyewe kipike, mkile nyinyi. Kama alikuwa mtu wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, chemsha michembe na karanga, kama alipenda nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, pika nsansa, mwambie mtoto bibi yako alikuwa anakula hivi, bila chumvi nyingi, na alikuwa anaficha matobolwa, viazi vilivyochemshwa vikakaushwa, kwenye kibuyu. Hayo ndo yatabaki kichwani mwa mtoto.

Nikuambie kuhusu mama mmoja wa upande wa Igombe, miaka imepita. Mumewe alikuwa mvuvi wa dagaa, usiku mmoja upepo ukachafuka, mtumbwi ukaonekana yeye hakuonekana. Watu wa meli ya MV Bukoba, iliyozama ile tarehe 21 Mei 1996, angalau kuna makaburi ya Igoma, wengine wamelala pale bila hata kutambuliwa lakini ndugu wana pa kwenda kusimama. Wa kivuko cha MV Nyerere, kilichozama Septemba 2018, kuna makaburi ya Bwisya kule Ukara. Huyu mama hakuwa na chochote, na kila akisikia mlango usiku aliamka. Kilichobaki ni karabai, sio ile aliyokwenda nayo, ile mbovu iliyokuwa inasubiri fundi. Akaitengeneza. Sasa wewe ni mtu wa huku unajua dagaa wanavuliwa giza, mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi wanakaa nyumbani siku kadhaa. Basi huyu mama karabai yake alikuwa haiwashi kila siku, alikuwa anaiwasha mbalamwezi ikijaa, zile siku ambazo mume angekuwa nyumbani, anakaa nayo uani na watoto wanamenya mihogo, afu anaizima anaiingiza ndani. Siku za giza haigusi, anasema siku hizo yuko kazini. Mimi na vyeti vyangu nisingeweza kumpangia kitu kizuri hivo. Chuoni miaka ya themanini tulifundishwa kumsaidia mfiwa akate kamba, amwachie marehemu aende, na kwa miaka nilikuwa nawaambia watu hivo hivo mpaka nikaona aibu, baadae kuanzia miaka ya tisini ndo hata vitabu vya kazi yetu vikaanza kukubali kwamba wengi hawakati, wanaendelea na marehemu wao kwa namna nyingine na wako salama tu.

Kwa iyo na wewe tafuta saa yako. Jumapili ukitoka misa, dakika kumi, unafungua, unafuta vumbi, unashika hicho kitu, unafunga. Mtoto akitaka kushika mwache ashike. Akiuliza bibi yuko wapi usimwambie amelala wala amesafiri, wa kulala ataogopa kulala, wa kusafiri atamsubiri stendi. Mwambie bibi amekufa, mwili wake umezikwa Magu, hatarudi, na sisi tunampenda. Ni ngumu kuitamka mara ya kwanza, jaribu peke yako bafuni.

Mama mkwe usimtumie mume akamweleze, nenda mwenyewe. Usiende na hoja, nenda na swali, muulize mama, wewe mama yako alikuwa mtu wa namna gani? Kaa umsikilize mpaka mwisho hata kama ni masaa mawili. Wengi wa umri ule walizika mama zao wakarudi shambani baada ya siku tatu na hakuna aliyewahi kuwauliza. Inawezekana akaishia kukuletea picha, inawezekana akabaki na msimamo wake, akibaki nao ndo kazi ya mlango hiyo.

Moja la kiafya. Toka mwezi wa tatu, kulia bado ni kawaida. Lakini kama miezi sita imepita na huwezi kula, huwezi kulala, kazi imekushinda, au unawaza bora umfuate, hapo kabati haliwezi kukusaidia, nenda kitengo cha afya ya akili, hospitali ya Bugando wapo, na ukienda usiseme naumwa kichwa, sema nimefiwa na siwezi.

Nimeacha voisi mwisho makusudi ili usizisahau. Sasa hivi ziko kwenye simu moja, simu inadondoka kwenye bodaboda, inaingia maji, inaibiwa Kirumba. Zitoe leo, moja moja, zitume kwenye imeili yako na kwa kaka yako, afu zipe majina, "mama anauliza kama tumefika", "mama na habari ya kuku". Zile alizoongea Kisukuma andika pembeni amesema nini, watoto wako hawatakielewa. Na laini yake kama bado ipo, iweke salio kidogo uitumie mara moja moja, isipotumika muda mrefu wanaifunga, namba anapewa mtu mwingine, na siku moja unafungua simu unakuta kwenye jina la Mama kuna picha ya kijana kavaa miwani ya jua.